Maswali Kando ya Kitanda cha Nyanya



Umempeleka nyanya hospitali kwa homa ya mapafu. Muuguzi anaketi kando ya kitanda na kumwuliza: "Leo ni siku gani? Hapa ni wapi?" Nyanya anakosa. Unaambiwa huenda ana dimensha, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na fahamu pole pole. Je, ukubali mara moja? Hebu tuone maswali hayo yalitoka wapi.

Mwaka 1972, Hodkinson, daktari wa wazee nchini Uingereza, alitoa maswali 10 mafupi. Mgonjwa aliulizwa umri wake, mwaka, jina la malkia, na hata mwaka ambao Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Mwaka 1975 huko Marekani, Folstein na wenzake walitoa mtihani wa alama 30. Huo ulihitaji pia kusoma, kuandika na kuchora. Ukaenea duniani.

Mwaka 1982 matokeo ya kuupima mtihani wenyewe yalichapishwa. Wagonjwa 97 wa wodi ya kawaida ya hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, waliulizwa maswali, kisha wakachunguzwa na daktari. Kati ya kila 100 wenye dimensha au kuchanganyikiwa kwa ghafla, mtihani uliwatambua 87. Hilo ni jema. Lakini kati ya kila 100 walioanguka mtihani, 39 hawakuwa na tatizo lolote kati ya hayo. Na wote waliosingiziwa hivyo walikuwa wamesoma chini ya miaka 9.

Umeona, mama? Asiyekaa sana darasani anaweza kuonekana mgonjwa wa akili bure.

Ndiyo sababu katika miaka ya 2010, huko Hai, Tanzania, watafiti walijaribu maswali yasiyohitaji kusoma. Mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hueleza daraja ni nini, na hupanga njiti za kibiriti kama alivyoonyeshwa.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mweleze muuguzi nyanya alisoma hadi wapi, anaelewa lugha gani, na kama anasikia na kuona vizuri.

Pili, eleza hali yake nyumbani kabla ya kuugua. Je, alikuwa akipotea njia au kusahau chungu motoni kwa miezi mingi? Usifiche, wala usiseme ni uzee tu au amerogwa.

Tatu, kama amechanganyikiwa kwa saa au siku chache tu, sema upesi. Hiyo ni dharura. Huenda ni maambukizi, ukosefu wa maji mwilini au dawa anazotumia, na mara nyingi hutibika.

Nne, omba aulizwe tena akishapona. Maswali huonyesha tu nani achunguzwe zaidi. Hayatoshi kumpa mtu jina la ugonjwa.

Mwambie na jirani yako.