Karatasi Yenye Sauti Mbili: Barua za Kifamilia za Visiwa vya Channel Wakati wa Vita na Baada Yake, 1940–1946

Barua za kifamilia zilizotunzwa na wakazi wa Visiwa vya Channel tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia zimezoeleka kusomwa kama ushahidi wa uvumilivu. Makala haya yanazisoma kwa kuzingatia jambo lililo kavu zaidi, nalo ni umiliki wa karatasi. Utaratibu wa kuziandika, kuzikagua na kuzirejesha ndio ulioamua nani abaki na waraka mkononi, na kwa hiyo nani anasikika leo. Asiyeujua utaratibu huo anaweza kudhani kuwa mzazi ambaye hakuacha barua hakuandika.

Visiwa hivyo, vikubwa vyake vikiwa Jersey na Guernsey, viko karibu zaidi na pwani ya Normandy nchini Ufaransa kuliko Uingereza, ingawa viko chini ya mfalme wa Uingereza na vina mabaraza na mahakama zake vyenyewe. Mnamo Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakiishinda Ufaransa, serikali ya London iliamua kutovilinda kijeshi. Wazazi wa Guernsey walipewa muda mfupi mno, kwa wengine usiku mmoja tu, kuamua kama watoto wao wapande meli pamoja na walimu. Kisiwa kilikuwa na watu wapatao 42,000. Takriban 17,000 waliondoka, na kati yao karibu 5,000 walikuwa wanafunzi. Jersey, iliyokuwa na watu wapatao 50,000, iliondokewa na watu wasiofika 7,000. Huko Sark wengi walibaki, na Alderney ilihamwa karibu yote. Tarehe 30 Juni 1940 Wajerumani walitua Guernsey, na posta baina ya visiwa na Uingereza ikakatika. Mama aliyemsindikiza mwanawe bandarini hakujua kama mtoto amefikia Stockport, Bury, Oldham au Glasgow.

Kimya kilidumu kwa miezi. Njia iliyopatikana hatimaye ilikuwa fomu ya Msalaba Mwekundu. Mtumaji aliyekuwa Uingereza alikwenda katika ofisi ya ushauri kwa wananchi, akatoa ujumbe usiozidi maneno 25, wenye habari za kifamilia pekee. Fomu ilikaguliwa na Waingereza, ikapelekwa Geneva kwenye Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ikapita mikononi mwa wakaguzi wa Kijerumani, ndipo ikafika kisiwani. Mpokeaji aliisoma, akaigeuza, akaandika jibu la maneno 25 nyuma yake, na karatasi ile ile ikarudi ilikotoka. Mkazi wa kisiwani aliyetaka kuanza yeye mazungumzo alijaza fomu yake, nayo ikafuata njia hiyo kwa kinyume. Safari ya kwenda na kurudi ilikula miezi mingi, kiasi kwamba swali kuhusu homa ya mtoto lilijibiwa wakati homa hiyo imekwisha kusahaulika.

Kwa kuwa jibu liliandikwa nyuma ya swali, karatasi nzima ilibaki kwa aliyeuliza kwanza. Aliyejibu aliurudisha ujumbe alioupokea, hata kama ulikuwa ndio maneno pekee ya mwanawe kumfikia mwaka mzima. Ukiyakuta makasha mawili ya familia moja, la kisiwani na la Uingereza, hayatakuwa na nakala za mambo yale yale. Kila moja litakuwa na mazungumzo yaliyoanzishwa upande huo. Familia iliyohifadhi kasha moja tu imehifadhi nusu ya mazungumzo, ijapokuwa kila karatasi iliyomo ina sauti mbili. Nusu ya pili, kama haikunakiliwa kwa mkono kabla ya kurudishwa, ilikwenda na meli. Hili halihitaji nadharia yoyote ya kumbukumbu ya jamii. Linahitaji kuitazama fomu mbele na nyuma.

Ufupi nao umepotosha wasomaji wengi. Maneno kama kwamba wote ni wazima, kwamba bibi anasalimu, kwamba mtoto amekua, hujirudia mno hata msomaji wa leo akayaona baridi. Lakini mwandishi alikuwa na wakaguzi wa pande mbili juu ya bega lake, na fomu iliyozidisha neno au kugusa mambo ya vita ingeweza kuzuiwa. Usalama wa ujumbe ulitegemea uchovu wa lugha yake. Ndiyo sababu majina ya watu ndiyo maneno yenye uzito zaidi katika fomu hizi: kumtaja shangazi kulimhakikishia msomaji kuwa yu hai, na kutotajwa kwake kuliweza kumnyima mtu usingizi mpaka fomu inayofuata ifike. Familia zilibuni mafumbo ya nyumbani kwao ili kugusia njaa au ugonjwa, na baadhi ya mafumbo hayo hayafumbuki tena kwa kuwa waliokuwa na ufunguo wamefariki.

Mwandiko nao ulipotea. Ujumbe kutoka Uingereza mara nyingi ulipigwa taipu ofisini. Kwa mzazi ambaye mwanawe aliondoka akiwa bado anajifunza kuandika, herufi za taipu hazikueleza lolote kuhusu mkono uliokuwa ukikua. Linganisha na watoto wa Guernsey waliopata wafadhili wa Kimarekani kupitia mpango wa wazazi walezi, ambao miongoni mwa wafadhili wake alikuwa Eleanor Roosevelt. Mtoto wa aina hiyo aliweza kumwandikia mgeni aliyekuwa ng'ambo ya Atlantiki barua ya kurasa kadhaa, kwa mkono wake, ilhali mama yake aliyekuwa umbali wa safari ya usiku mmoja kwa meli alistahili maneno 25. Sheria za posta za wakati wa vita hazikupimwa kwa maili.

Kuna kundi jingine lililoandika kwa urefu zaidi, nalo ni la watu waliopelekwa kwa nguvu Ujerumani. Septemba 1942, na tena mapema 1943, Wajerumani waliwahamisha zaidi ya watu 2,000, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Uingereza, wakawazuilia katika kambi za Biberach, Wurzach na Laufen. Kwa kuwa walihesabiwa kuwa raia wafungwa wa vita, waliruhusiwa barua na kadi zilizokuwa na nafasi kubwa kuliko fomu, na waliweza kuandika visiwani na Uingereza pia. Hivyo habari za kijiji kimoja cha Guernsey ziliweza kumfikia jamaa aliyeko Lancashire kwa kupitia kambi ya kusini mwa Ujerumani. Mfungwa akawa ndiye tarishi.

Huko Stockport, chama cha wakimbizi wa visiwa kilitoa jarida la kila mwezi, Channel Islands Monthly Review, lililochapa dondoo za ujumbe uliopokewa na wanachama. Ujumbe wa faragha ukawa mali ya umma: mstari mmoja uliomtaja jirani uliweza kuwa habari ya kwanza kwa jamaa wa jirani huyo. Kwa mtafiti, jarida hilo lina thamani ya pekee kwa sababu limehifadhi maneno ambayo karatasi zake huenda zimepotea. Lina kasoro yake pia, kwani mhariri alichagua kilichofaa wengi na kukiacha cha mtu mmoja.

Baada ya Juni 1944 majeshi ya washirika yaliposhuka Normandy, njia ya kupitia Ufaransa ilikatika. Majira ya baridi yaliyofuata ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote visiwani. Chakula na kuni vilikwisha, mpaka meli Vega ilipofika Guernsey tarehe 27 Desemba 1944 ikiwa na vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Kwa barua, kipindi hicho ni kama hakipo. Atakayehesabu fomu na kuchora mchoro wa mateso kutokana na wingi wake atafikia hitimisho la kinyume, kwamba miezi ya njaa kali ilikuwa miezi ya utulivu. Hapo shajara zilizofichwa majumbani hazina budi kushika nafasi ya barua.

Visiwa vilikombolewa tarehe 9 Mei 1945, na barua zisizo na kikomo cha maneno zikarejea. Barua hizo za baada ya vita zimetunzwa kwa uangalifu mdogo zaidi. Fomu ina mihuri, alama za wakaguzi na nembo, na wakusanyaji wa stempu huinunua, jambo ambalo limeziokoa nyingi na wakati huohuo limezitenga na familia zake. Barua ya kawaida ya Agosti 1945 haina soko. Hata hivyo ndiyo inayobeba yale ambayo maneno 25 yaliyaacha. Mtoto aliyeondoka na miaka mitano alirudi na kumi, akizungumza kwa lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza, akiwa hamtambui baba yake bandarini. Katika nyumba zilizotumia Guernésiais, lugha ya kale ya kisiwa yenye asili ya Kinormandi, wengine walirudi hawaimudu tena, na kuhamishwa huko kunatajwa miongoni mwa sababu za kudhoofika kwake.

Alderney ni kisa cha peke yake. Kwa kuwa karibu kila mtu aliondoka, hapakuwa na wa kuulizwa wala wa kujibu. Wenyeji walianza kurejea tarehe 15 Desemba 1945 katika kisiwa kilichogeuzwa ngome na kambi za kazi za kulazimishwa. Kukosekana kwa fomu za kutoka huko hakutokani na uzembe wa watunzaji.

Nao watoto waliorudi Guernsey waliendelea kuwaandikia Uingereza watu waliowalea, waliokuwa wamezoea kuwaita baba mdogo na shangazi. Mwelekeo wa barua ukageuka: aliyekosekana sasa alikuwa mlezi wa Stockport au Bury. Safari hii jibu halikuandikwa nyuma ya karatasi ile ile, hivyo kila upande ulibaki na maneno ya mwenzake. Barua za watoto hao kwa hiyo hazipaswi kutafutwa katika hifadhi za nyaraka za visiwani. Zilibaki Lancashire na Cheshire, katika nyumba za watu wasiojihesabu kuwa sehemu ya historia ya kisiwa chochote.