Kutu Chini ya Rangi ya Njano

Wengi wetu tukisikia neno historia tunafikiria boma la Mjerumani au jina la chifu fulani. Leo nakuomba, ndugu msomaji, tuinamie mahali pasipo na heshima yoyote: ngazi ya kuingilia basi la shule, pale anapokanyaga mtoto wa Katesh, Dongobesh au Haydom alfajiri, kiatu kimejaa tope. Mlango ule ulioliwa na kutu una historia ndefu kuliko umri wa basi lenyewe.

Tuanze na moto. Wahunzi wa Kidatoga walikuwa na ukoo wao, na Wabarabaig wengine hawakuoana nao, ingawa kila mtu aliutaka mkuki wao. Hadi leo, kandokando ya Ziwa Eyasi, wanavukuta moto kwa mivukuto ya ngozi. Makufuli mabovu wanayayeyusha yawe bangili. Misumari wanaifua iwe vyembe vya mishale ya Wahadzabe. Chuma chakavu kwao si takataka. Lakini angalia jambo moja: hakuna kinachofuliwa kabla hakijapita motoni.

Miaka ya 1970 kikaja chuma cha namna nyingine. Kwa msaada wa Kanada, shirika la NAFCO lililima ngano katika mashamba saba ya Hanang, karibu ekari 100,000, ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig. Matrekta na mashine za kuvunia hazitembei bila gereji, na gereji haiendi bila vijana wa kuchomelea. Mashine ya kuchomelea haimuulizi mtu ukoo wake.

Kisha yakaja mabasi. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikazipa nafasi shule za watu binafsi. Shule za "inglishi midiamu" zikahitaji magari, na magari yakapatikana Japani, mitumba: Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango tayari unatazama ukingo wa barabara. Bahati iliyoje! Ila kaskazini mwa Japani humwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi huiharakisha kutu. Basi jingine linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa tayari na ugonjwa.

Huku likakutana na tope la Mbulu na vumbi la Hanang. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vumbi likiviziba, maji ya mvua yanalala humo, na bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imevimba kama upele, ujue ndani kwishnei.

Fundi wa chapuchapu anapiga msasa juu juu, anapaka puti, au anabandika kiraka juu ya bati bovu, halafu rangi ya njano. Kumbe kiraka hicho kinatunza maji katikati ya mabati mawili, na kutu inaendelea na shughuli zake gizani. Fundi wa kweli anakata hadi akutane na chuma kinachong'aa. Anakunja bati jipya, analichomelea kidogo kidogo lisipinde kwa joto, anapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, anazibua vitundu. Kazi hiyo inakula siku na pesa, na mwenye gari analitaka Jumatatu.

Njano hiyo nayo ina kwao. Aprili 1939, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwalimu Frank Cyr aliwakutanisha wataalamu wakaichagua kwa sababu inaonekana vizuri hata kwenye mwanga hafifu wa alfajiri. Rangi iliyochaguliwa ili basi la watoto lionekane, sisi tunaipaka ili kutu isionekane.

Mwezi Julai 2012, mjini Chennai, India, mtoto wa darasa la pili alidondoka kwenye tundu la sakafu ya basi la shule, akakanyagwa na gurudumu. Watu wenye hasira wakalichoma basi. Moto ule ulikuja umechelewa.

Kwetu, tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, iliyokuwa zamani sehemu ya Wilaya ya Mbulu, basi la shule lilitumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Siitaji ajali ile ili kuilaumu kutu. Naitaja kwa sababu baada ya msiba ule macho ya taifa zima yaligeukia mabasi ya shule. Breki zinaangaliwa, tairi zinaangaliwa, watoto wanahesabiwa. Nani anainama kuigonga ngazi kwa nyundo?

Kuigonga hakuhitaji elimu kubwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya debe lililojaa mchanga. Basi kamati za shule na wazazi waende gereji mapema, fundi akishamaliza kukata na kabla hajafungua kopo la rangi, wakione chuma kwa macho yao. Hapo ndipo walipe.