Milango ya Lavington

Mwalimu wetu wa useremala alifariki mwaka jana, na sipendi azikwe na historia aliyoibeba. Kibanda chake kilikuwa Kawangware, Nairobi, ukishuka kidogo tu kutoka Barabara ya Gitanga. Mchana alitengeneza vitanda, meza na makabati. Jumamosi alifundisha vijana bila kudai karo. Sisi tulimwita Mwalimu, naye alituita mafundi hata kabla hatujajua kunoa patasi.

Mbao zake nyingi zilitoka kwenye nyumba zilizobomolewa. Tangu magorofa yaanze kuzimeza nyumba za zamani za Lavington na Kileleshwa, wabomoaji huuza milango, mihimili na mbao za sakafu: podo, mvule, mwerezi. Mwalimu hakuukata mlango hivi hivi. Aliulaza kwenye benchi, akatutaka tuonyeshe ulivyounganishwa. Tulikwangua rangi, tabaka juu ya tabaka, mpaka tukauona ulimi wa ubao wa kati umepenya ubao wa pembeni hadi ng'ambo, ukakazwa kwa kabari mbili. Hakuna msumari. Unaweza kuubeba mlango huo miaka sitini baadaye usisikie ukilia.

“Haya, nani alifanya hii kazi?” angeuliza.

Swali hilo ndilo lililokuwa somo. Lavington ilikuwa ardhi ya kahawa. Mapadri Wafaransa wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Mtakatifu Austin mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi, na mashamba yao yakastawi hapo. Baadaye ukawa mtaa wa Wazungu. Lakini kazi ya mbao ilifanywa na wengine. Kulikuwa na maseremala Wahindi, wengi wao Makalasinga, ambao jamii yao ilikuja na ujenzi wa reli ikabaki kujenga mji. Kulikuwa pia na Waafrika waliopitia chuo cha ufundi ambacho serikali ya kikoloni ilikifungua Kabete katikati ya miaka ya 1920. Huko walifundishwa useremala na uashi, na shabaha mojawapo ya wakubwa ilikuwa kupata fundi wa ujira mdogo kuliko wa Mhindi. Fundi huyo akishatundika mlango wa Lavington, hakuruhusiwa kuishi nyuma yake, isipokuwa awe mtumishi wa nyumba hiyo.

Mwalimu alilieleza jambo hili kwa hasira ambayo haikupoa hadi uzeeni. Hata hivyo aliwaheshimu wote walioshika randa. Yeye mwenyewe alifundishwa na Kalasinga mmoja katika Barabara ya Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga. Sheria za mwaka 1967 za leseni za biashara na uhamiaji zilipowabana Waasia wasio raia, mzee huyo alihamia Uingereza, akamwachia randa ya chuma na misumeno. Randa hiyo ndiyo niliyojifunzia mimi.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, serikali ilitaka watoto waguse ufundi, na wazazi wakachangishwa kujenga karakana. Mwalimu aliufurahia mpango huo sana. Ulipofifia alisikitika, akazidi kutuhimiza tufanye mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa Gredi, kwa sababu alijua tajiri huamini karatasi kabla ya kuamini mkono. Naamini alikuwa sahihi, ingawa mtihani wenyewe haujawahi kuuliza ni nani aliyeijenga Nairobi.

Kibandani imebaki milango minne. Sisi wanafunzi wake tumekubaliana haitakatwa. Tunatafuta chuo kitakachoipokea, iwekwe karakanani pale vijana watakapoweza kuifungua viungo na kuifunga tena, na ukutani iandikwe nyumba ulikotoka kila mlango. Mwalimu alikuwa ameziandika anwani kwa penseli, upande wa bawaba.