Kodi ya Nyumba na Kodi ya Mapato katika Kenya

Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwaka wa 1901 katika nchi iitwayo leo Kenya, Mwafrika hakuulizwa neno: nyumba yake ilihesabiwa, naye akadaiwa. Kodi ya mapato ina desturi nyingine, kwa maana humtaka mlipaji aandike mwenyewe hesabu ya pato lake. Walowezi wa Kizungu waliipinga hata ikafutwa mwaka wa 1922. Ikarudishwa mwaka wa 1937. Sasa sheria ni moja kwa wote, na hesabu za mwaka uishao Desemba 31 hupelekwa kabla ya Juni 30 kupita. Siku hiyo, ijapokuwa huogopwa, ina heshima yake: serikali hungoja kauli ya mlipaji, wala haihesabu mapaa.