Nani Anahesabu Pumzi?

Nilikulia Kibera, karibu na reli. Huku kwetu mgonjwa haanzii safari kwenye ambulensi. Anaanzia kwenye blanketi, vijana wanne wameshika ncha, au kwenye mkokoteni wa maji, mpaka afike pale gari linaweza kusimama. Nilipohamia Kawangware baada ya kuacha chuo, nilikuta ni yaleyale: ploti zimebanana, gari linaishia Naivasha Road.

Usiku mmoja jirani yetu, mama wa makamo, alianza kuhema haraka haraka. Alikuwa anaongea. "Niko sawa, ni kifua tu." Ambulensi ilipofika tayari ilikuwa na kijana aliyevunjika mguu, anapiga mayowe. Kijana akaachiwa kitanda, mama akakalishwa kwenye benchi, nami kando yake. Hakuna aliyehesabu pumzi zake. Tukifika hospitali alikuwa ameshanyamaza. Hakufika asubuhi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya swali hili: ni nani anayeamua kwamba huyu ndiye mahututi?

Mwishoni mwa karne ya 18, Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Ufaransa, alianzisha magari mepesi ya farasi ya kuchukua majeruhi vitani. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, awe jenerali au askari wa kawaida.

Kenya, St John Ambulance imekuwepo tangu 1928. Lakini tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani na kuua zaidi ya watu 200 Nairobi, majeruhi wengi walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Ni raia waliochagua nani apakiwe kwanza, na mara nyingi macho yalifuata damu na sauti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2015, mwanamume aliyegongwa na gari alikaa saa 18 ndani ya ambulensi, akizungushwa hospitali za jiji kwa kukosa kitanda cha wagonjwa mahututi. Alifariki. Huyo alijulikana wazi kuwa mahututi, na bado haikutosha. Sheria ya Afya ya 2017 ikaja kutaja kwamba huduma ya dharura inaanza kabla ya mgonjwa kufika hospitali.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo dogo zaidi, la bei rahisi. Mwaka 1997 madaktari wa mji wa Great Yarmouth, Uingereza, walichapisha njia ya kumpa mgonjwa alama kwa vipimo vya kawaida. Mwaka 2012 Waingereza wakatoa mfumo mmoja wa nchi nzima: pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, joto na fahamu. Kila kipimo kina alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 7, hiyo ni dharura. Na kipimo kimoja tu kikipata 3, mgonjwa anafaa kuangaliwa upesi. Mtu mzima anayepumua mara 25 au zaidi kwa dakika amepata 3 tayari, hata kama anaongea, hata kama anasema yuko sawa.

Alama hazileti kitanda, hilo nalijua. Ila mhudumu akizipata mapema, anaweza kupiga simu mbele, kuwasha oksijeni, kuchagua hospitali yenye uwezo badala ya iliyo karibu. Kutoka Kawangware hadi Ngong Road, jam ikishika, dakika hizo ndizo mgonjwa alizo nazo.

Presha inataka mashine, na oksijeni inataka kifaa cha kubana kidoleni. Pumzi inataka saa peke yake. Usiku ule simu yangu ilikuwa mkononi, inaonyesha saa na dakika, na nilikuwa naitumia kumwangazia mama uso.