VETA: Miaka 30 ya Kupima Mikono

Mzazi akisema mwanawe "yuko VETA", hakuna anayeuliza ni kitu gani. Jina kamili, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wengi hawalijui wala halijawahi kuwapunguzia chochote. Mamlaka iliundwa kwa Sheria Namba 1 ya mwaka 1994, na mwaka 2025 ikasherehekea miaka 30.

Kuwapima mafundi, hata hivyo, kulianza zamani. Wakoloni walikuwa na shule za ufundi Ifunda na Moshi miaka ya 1950. Mwaka 1974 Serikali ikatunga sheria ya mafunzo ya ufundi stadi, kazi ikawekwa chini ya wizara ya kazi. Wazee wa enzi hizo hawatakuambia walisomea nini. Watakuambia wana gredi ngapi.

Gredi hizo zilitokana na Majaribio ya Ufundi. Mwashi alipewa mchoro, matofali, mwiko, uzi, timazi na muda wake. Akainua kona. Mtahini akaja na pima maji, akainama, akafumba jicho moja. Ukuta ukiwa na tumbo, maelezo hayasaidii. Wakimaliza unabomolewa, matofali yanakwanguliwa udongo, anapewa anayefuata. Mtihani wa mwashi haubaki kama karatasi za wahasibu.

Hesabu ya gredi ilikwenda kinyumenyume: unaanza ya tatu, unapanda hadi ya kwanza. Ulipokuja mfumo wa kupima umahiri, ngazi zikageuzwa, ya kwanza ikawa ya chini na ya tatu ya juu. Kwa hiyo mzee mwenye gredi ya kwanza na kijana mwenye ngazi ya kwanza wanaweza kuomba kazi moja, na mwajiri asiyejua historia akawaona wako sawa. Nadhani waliozigeuza ngazi wangeweza kutuepusha na mkanganyiko huu.

Cheti cha VETA si leseni. Seremala hufungua karakana bila kuulizwa cheti cha ufundi. Umeme ndio tofauti: leseni ya kufunga nyaya hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na mwombaji lazima aonyeshe vyeti vyake vya ufundi. Naona ni haki. Ukuta uliopinda kila mpita njia anauona. Waya uliokosewa hukaa kimya ndani ya ukuta mpaka usiku nyumba iungue.

Vyuo ni vingi sasa, na tozo ya waajiri imesaidia kuviendesha. Lakini jambo ninalolihesabu kubwa kuliko majengo yote ni urasimishaji wa ujuzi. Fundi aliyejifunza kwa mjomba wake, hajawahi kukaa darasani, anapimwa kwa anachokijua. Penye pengo anafundishwa kwa muda mfupi, kisha anapata cheti. Waashi, maseremala, mafundi magari na wapishi wamepitia njia hiyo.

Mtahini anamuuliza fundi lipu anachanganyaje. Ndoo nne za mchanga, anajibu, kwa moja ya saruji, na maji "mpaka mwiko ukubali". Mtahini anaandika 1:4. Hayo ya mwiko hayana pa kuandikwa kwenye fomu, kwa hiyo anaweka kalamu chini na kumwambia, haya, changanya nione.