Kabla Useme Bekoni ni ya Wazungu

Jumapili moja jirani yangu wa ploti alinigongea mlango akiwa ameshika kikaango kinachofuka moshi. HELB ilikuwa imeingia, akajiambia leo lazima aonje maisha, akanunua pakiti ya bekoni kwa mara ya kwanza. Alichofanya ni kile wengi wetu tungefanya. Alimwaga mafuta ya kupikia, akawasha gesi hadi mwisho, akangoja mafuta yapate moto kama anakaanga samaki, halafu akatupa vipande vyote mara moja. Dakika tatu baadaye nyama ilikuwa nyeusi pembeni, mbichi katikati, na imejikunja kama kiatu kilichonyeshewa. Akaniambia, "Wacha tu. Hii ni chakula ya wazungu, sisi haituhusu."

Nilimpikia iliyobaki. Lakini hiyo sentensi haijanitoka kichwani. Msee alikosea kwa kikaango na akakosea kwa historia, na mimi naona ni kosa moja tu. Hatujui kupika hiki kitu kwa sababu tumesahau ni kina nani walikuwa wanakipika hapa kwetu.

Anza na mahali tunapokaa. Makomredi wengi wa Chepkoilel wanajua chuo kilipata hati 2013 kikawa University of Eldoret. Waliotutangulia watakwambia kilikuwa kampasi ya Moi tangu 1990, na kabla ya hapo chuo cha walimu. Nyuma kabisa, mwaka wa 1946, hapa palianzishwa kituo cha kufundishia wakulima wa mashamba makubwa, yaani walowezi. Unakaa darasani unasoma kemia mahali ambapo mlowezi alikuja kujifunza kulima ngano. Hii stori haiko mbali na sisi, tunalala ndani yake.

Walowezi wengi wa kwanza wa Uasin Gishu walikuwa Makaburu. Msafara wa van Rensburg ulitoka Afrika Kusini mwaka wa 1908, ukashuka Mombasa, ukapanda treni hadi Nakuru, kisha magari ya kukokotwa na ng'ombe yakapanda milima na kupita matope mpaka kwenye uwanda huu, upande wa Sergoit. (Ardhi haikuwa tupu, jameni. Hiyo ina siku yake.) Mji haukuwepo. Posta ilifunguliwa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana mpaka leo utasikia wazee wakiita Eldoret "Sisibo". Reli yenyewe ilifika 1924.

Hesabu hiyo miaka: 16 bila treni, bila friji, na duka la maana liko safari ya siku nyingi. Nyama ukichinja leo unaifanyaje? Unaitia chumvi. Chumvi inavuta maji nje ya nyama, na bila maji bakteria hawana pa kuishi. Bekoni ilianzia hapo, ni nyama ya tumbo au mgongo wa nguruwe iliyolazwa kwenye chumvi siku kadhaa, pengine ikapigwa moshi, ili ikae wiki nyingi bila kuoza. Ladha ilikuja nyuma ya hiyo shida.

Nguruwe wenyewe walikuwa balaa. Wale waliotoka Ulaya walipofika Kenya walianza kufa ovyo, homa siku chache, kisha zizi zima kimya. Daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, R. Eustace Montgomery, aliufuatilia ugonjwa huo na kuchapisha utafiti wake mwaka wa 1921. Kati ya nguruwe 1,366 kwenye milipuko aliyoiandika, walikufa 1,352. Kumbe ngiri wetu wa porini walikuwa nao virusi hivyo tangu zamani bila kuugua, na kupe wakivihamisha. Leo dunia nzima inauita homa ya nguruwe ya Afrika, na China na Ulaya zimelia nao miaka hii ya karibuni. Mtu haumpati. Dawa iliyofaa wakati huo ilikuwa kujenga ua na kuwatenga nguruwe na ngiri, na ua ni gharama, kwa hivyo ufugaji ukabaki kwa wenye pesa na ardhi.

Nyama ya hao nguruwe ilienda wapi? Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru, kabla ya kuteremka Bonde la Ufa, kuna mahali panaitwa Uplands, eneo la Lari. Baridi ya huko mnaijua. Kiwanda cha bekoni kilijengwa hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, kando ya reli, na kwa miongo mingi ndicho kilikuwa jina kubwa la bekoni Kenya.

Waliolaza hiyo nyama kwenye chumvi walikuwa Waafrika, na mwaka wa 1947 walichoka. Januari mwaka huo Mombasa ilikuwa imesimama kwa mgomo mkuu, na kutoka hapo ikazaliwa African Workers Federation, kiongozi wake kijana mmoja, Chege Kibachia. Agosti serikali ikamkamata, ikampeleka uhamishoni Baringo, ng'ambo tu ya Bonde la Kerio kutoka huku kwetu. Septemba wafanyakazi wa kiwanda cha Uplands wakagoma. Polisi wakawafyatulia risasi. Watu walikufa kwenye kiwanda cha bekoni, wakidai haki yao, na sisi shuleni tulisoma tarehe za magavana.

Nilimsomea jirani yangu hii sehemu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si hapo ndio umenipa sababu ya kutoikula?" Sikuwa na jibu la haraka, na nakubali ni swali zuri.

Jibu langu liko jikoni. Mwaka wa 1928 akina mama wa kanisa la St Andrew's, Nairobi, walitoa kitabu cha mapishi cha walowezi, The Kenya Settlers' Cookery Book. Kitabu kilisomwa sebuleni. Aliyesimama mbele ya jiko la kuni saa kumi na moja asubuhi alikuwa mtu mwingine, na mmoja wao alikuwa Kugo, babu yangu.

Aliingia jikoni la mlowezi kaskazini mwa Eldoret akiwa na miaka kama 13, toto la jikoni, kazi yake kuchanja kuni na kusugua sufuria. Baadaye akawa mpishi. Alikuwa na mke na watoto wawili na bado anaitwa boi. Alipika bekoni na mayai karibu kila asubuhi, na memsahib alikuwa anahesabu vipande kabla havijaingia jikoni na baada ya kufika mezani. Kugo hakuwahi kuketi aile. Mara ya kwanza alikula bekoni kwa sahani yake mwenyewe, mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Ndiye aliyenifundisha, na alikuwa mkali kuliko lecturer yeyote. Ya kwanza, kikaango kiwe baridi. Panga vipande bila kupandana, ndipo uwashe moto, na moto uwe mdogo. Nilimuuliza, "Kugo, si tutakaa hapa hadi jioni?" Akasema moto mkali unaifunga nyama mlango, mafuta yanabaki ndani. Sayansi iko upande wake. Mafuta ya nguruwe yanahitaji muda kuyeyuka na kutoka. Ukiyashtua, nyama inajikunja kabla hayajatoka, unapata nje majivu na ndani mpira.

Ya pili, usiweke mafuta. Bekoni inakuja na yake. Yeye aliweka vijiko viwili vya maji, eti nyama ianze polepole. Nilidhani ni ushamba mpaka nikajaribu. Maji yanazuia joto kupanda haraka, mafuta yanatoka taratibu, maji yakiisha nyama inaanza kukaangika kwa mafuta yake yenyewe.

Zamani alikuwa pia anailoweka usiku kucha, kwa sababu ile ya kiwandani ilikuwa na chumvi ya kuua ng'ombe. Hiyo hatua mimi naruka, na hapa lazima niseme kitu kuhusu bekoni ya siku hizi. Kiwanda cha Uplands kilikufa, Farmer's Choice ya Kahawa West ndiyo ikashika soko, na teknolojia ikabadilika duniani kote. Badala ya kulaza nyama kwenye chumvi siku nyingi, viwanda vingi vinaidunga maji ya chumvi kwa sindano. Ni haraka, na pakiti inakuwa nzito. Lile povu jeupe unaloona kwenye kikaango ni hayo maji yakitoka na protini. Usiogope, haijaharibika. Ila hapo ndipo watu wanakosea, wanaona maji, wanaongeza moto. Acha. Huku kwetu tuko juu, karibu mita 2,100, maji yanachemka kwa nyuzi kama 93, na nyama haiwezi kupata rangi ya kahawia wakati bado inaogelea. Kama yamezidi, yamwage, rudisha kikaango, endelea na moto uleule. Povu likiisha na sauti ikibadilika kutoka kububujika hadi kuchirizika, sasa simama hapo, usishike simu. Geuza. Geuza tena. Toa kabla haijafika rangi unayotaka, kwa sababu itaendelea kukauka ikiwa kwenye sahani. Yote ni kama dakika 12. Kwa koili ya hosteli ongeza, koili haijui moto mdogo ni nini.

Mwenzangu wa chumba mwaka wa kwanza alikuwa Mwislamu, na darasani tuko na Wasabato kibao. Kama mnashiriki vyombo, sema mapema, nunua kikaango chako cha pembeni na ukioshe kivyake. Kupikia mtu kwa kikaango cha nguruwe bila kumwambia ni ukora. Na hata kwa sisi tunaokula, si ya kila siku. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya saratani, liliweka nyama za kusindikwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani mwaka wa 2015. Mimi napika mara moja kwa mwezi, ikibidi mbili.

Kwa jirani yangu nilijibu hivi. Ukiacha kula kwa sababu ya dini, afya au bei, sawa kabisa. Lakini ukisema haituhusu, unamfuta Kugo, na unawafuta wale wa Uplands mara ya pili. Mlowezi alikula. Kuipika ni sisi tuliijua.

Alirudi wiki mbili baadaye na pakiti nyingine, safari hii akiwa na swali moja tu, afanye nini na mafuta yaliyobaki. Kugo alikuwa anayachuja kwenye kikombe cha bati, yakiganda anayafunika. Hayo memsahib hakuyahesabu. Yalibebwa nyumbani, na kabichi ya jioni ikapikwa nayo, kitunguu kwanza, bila chumvi hata kidogo.